Hedi Iliyogeuka Sufuria

"Gari hii," alisema Tumsifu, huku akiipiga boneti kofi kama anayemsifia ng'ombe wake, "tangu niinunue haijachemsha hata siku moja. Siku moja! Injini ya Mjapani, dereva Mchaga. Itachemka saa ngapi?"

Maneno hayo aliyasema mnadani Bariadi, saa nne asubuhi, mbele ya wafugaji wasiopungua ishirini. Tumsifu ni afisa mifugo, kaletwa Simiyu na barua ya ajira, na siku hiyo alikuwa amevaa shati jeupe lililopigwa pasi hadi likasimama lenyewe. Alikuwa amewasha gari ili wazee wasikie injini inavyoimba.

Injini ikaimba kweli. Kwanza ilikohoa, kisha ikapiga mluzi, halafu mvuke ukafumka pembeni mwa boneti kama chungu cha pombe. Ng'ombe wawili wakakata kamba. Muuza miwa akaacha panga na kukimbia.

"Imechemka," mzee mmoja akatangaza, kana kwamba kuna asiyeona.

"Haijachemka," Tumsifu akasema. "Inapumua."

Akanyoosha mkono kwenye kifuniko cha rejeta.

"Usifungue hicho!" sauti ya kike ikamkemea kutoka nyuma. "Utaungua uso, na inaelekea unao huo mmoja tu."

Akageuka. Mbele yake alisimama msichana mwenye ovaroli ya bluu iliyokunjwa mikono hadi viwikoni, kilemba cha kitenge cha manjano, na hereni ndogo zilizokuwa ziking'aa kuliko gari lake lote. Kucha zake zilikuwa na mstari mweusi wa grisi, na Tumsifu, ambaye hajawahi kuipenda grisi maishani, akaipenda hapohapo.

Msichana hakumtazama. Aliinama, akachomoa kijiti cha kupimia oili, akakiangalia kwenye jua.

"Tazama. Oili imekuwa chai ya maziwa. Maji yameingia. Hedi, kile kifuniko cha juu cha injini yako, ni ya alumini, na alumini ikipata moto bila maji inajikunja kama chapati iliyosahaulika. Hedi imepinda, kaka."

"Umejuaje bila kufungua?"

"Wewe unajuaje ng'ombe ana homa bila kumpasua?"

Wazee wakacheka mpaka kofia zikadondoka. Tumsifu naye akacheka, maana angefanya nini.

"Sasa fundi nitampata wapi?"

"Karakana ya Masunga, nyuma ya soko. Uliza fundi wa hedi. Ila ni mkali."

"Mkali kiasi gani?"

"Ukichelewa anakufokea."

Kesho yake Tumsifu alichelewa nusu saa. Akafokewa na msichana yuleyule. Jina lake Nyanjige.

*

Mji wa Bariadi una mafundi wengi wa kufungua na kufunga. Lakini wa kuchonga alumini kwa vipimo, mpaka hedi iliyopinda ilale sawa tena, alikuwa mmoja tu, Nyanjige. Mashine yenyewe ilikuwa kuukuu, nzito kama fahali, na baba yake, Masunga, aliinunua zamani kiwanda kimoja cha pamba kilipofungwa. Miaka mitatu sasa mgongo wa mzee ulikuwa umekataa kuinama, na Nyanjige ndiye aliyekuwa akiinama.

Tumsifu alikaa kwenye ndoo iliyopinduliwa akimtazama akifanya kazi. Kisu cha mashine kilipita juu ya hedi taratibu, na alumini ikatoka kwa vinyweleo vya fedha vilivyojikunja vikaangukia kwenye viatu vyake. Karakana ilinukia mafuta ya taa na chuma cha moto. Nyanjige akazima mashine, akaweka rula ya chuma juu ya uso wa hedi, akamwita.

"Inama hapa. Unaona mwanga chini ya rula?"

"Naona shavu lako."

"Chini ya rula, afisa!"

"Sioni mwanga."

"Basi imepona. Uwazi mwembamba kuliko unywele ungetosha kuua injini yako tena."

Kazi ile ilikuwa ya siku moja. Tumsifu aliifuatilia kwa siku tano. Generoza, mama lishe mwenye kibanda kilichoegemea ukuta wa karakana, ndiye aliyemuumbua.

"Afisa, gari yako ilishatoka juzi. Leo umeleta nini, mbuzi?"

"Nimekuja kula, mama."

"Wali wangu uko huku. Mbona umekaa umeangalia kule?"

Simu nazo zikaanza.

"Halo, mpenzi."

"Mpenzi wa nani? Mimi ni fundi wako. Hatujafika huko."

"Tumefika wapi?"

"Tumefika kwenye gasketi."

"Na baada ya gasketi?"

"Baada ya gasketi kuna nati kumi, na zinakazwa kwa zamu, kidogo kidogo. Anayekaza moja mpaka mwisho kabla ya nyingine anapindisha hedi. Umeelewa?"

"Nimeelewa. Leo nikaze ipi?"

"Leo niletee soda."

Hivyo ndivyo walivyopendana, nati baada ya nati. Wiki ya nne Nyanjige aliruhusu mkono wake ushikwe, ila alikuwa kwanza ameunawa kwa sabuni ya unga na mchanga.

Ndipo akamwonyesha siri yake. Kwenye benchi, chini ya gunia, kulikuwa na pande la alumini kutoka Mwanza, zima, halina tundu, zito kama mtoto wa darasa la pili. Kando yake kulikuwa na hedi nzee iliyopasuka.

"Hii nzee ni ya pampu ya kisima, kule vijijini Lagangabilili," alisema. "Ng'ombe wa vijiji vitatu wanaitegemea. Spea zake hazitengenezwi tena, wametafuta mpaka wamechoka. Kwa hiyo nitaichonga mpya. Kutoka kwenye pande hili."

"Unachonga injini kama mtu anayechonga kinyago?"

"Kinyago ukikosea pua kinakuwa kinyago kingine. Hii nikikosea inakuwa kiti. Pande ni moja tu, Tumsifu. Sina la pili."

Kisha akaeleza shida yenyewe. Baba yake alitaka kuiuza mashine. Mzee alisema mashine inakula umeme na haizai, na hajawahi kuona mashine ina mimba. Afadhali anunue mitamba. Walikubaliana neno moja: hedi hii ikiwaka bila kuvuja, mashine inabaki na ni ya Nyanjige. Ikivuja, inapakiwa kwenye lori.

Hapa ndipo mtu mwenye akili angesema, "Pole, nikusaidieje?" Tumsifu alikuwa na akili, lakini siku hiyo alikuwa ameshikwa mkono. Neno "baba" alilisikia vizuri. Yaliyofuata yalipita tu, maana alikuwa akizitazama hereni.

*

Kwa kuwa aliamini njia ya kwenda kwa binti inapitia kwa mzazi, alianza kumpenda Masunga kwa nguvu zote. Alimsalimia kwa Kisukuma kibovu.

"Mwangaluka, baba!"

"Saa kumi jioni hii, kijana. Mwangaluka ni ya asubuhi."

"Basi ya kesho."

Mzee akacheka, akampenda. Wakawa wanakwenda mnadani pamoja. Masunga akiuliza, Tumsifu akifungua midomo ya mitamba, akiwahesabia meno, akiwapapasa viwele. "Huyu mchukue. Huyu atakuzalia kila mwaka." Mzee akawa anatikisa kichwa, akisema wabeja, wabeja, asante kijana, umenifaa. Tumsifu hakujiuliza hata mara moja hela ya mitamba wote hao ilikuwa itoke wapi.

Siku moja Nyanjige akiwa Mwanza kutafuta visu vya mashine, Tumsifu alipata wazo. Akaona ile hedi iliyopasuka.

"Baba, hiki chuma kibovu kina kazi?"

Masunga akakitazama kwa jicho moja. La pili lilikuwa kwenye gazeti. "Hicho? Kimepasuka. Chukua."

Tumsifu akakipeleka kwa wale wanaoyeyusha alumini chakavu na kumimina sufuria. Jioni yake akatoka na sufuria kubwa, nzito, yenye mifuniko miwili na masikio imara, bado ya vuguvugu. Akaifunga utepe mwekundu.

Nyanjige aliporudi alimkuta amesimama mlangoni mwa karakana, shati lile jeupe, tabasamu sikio hadi sikio.

"Nimekutengenezea zawadi, mpenzi. Tena kwa mali ya hapahapa kwako. Kisia imetokana na nini."

Nyanjige akaitazama sufuria. Akalitazama benchi. Akainua gunia. Akalishusha.

"Tumsifu."

"Naam, mama watoto."

"Hedi yangu iko wapi?"

Tabasamu likaanza kuvuja.

"Si... ilikuwa imepasuka?"

"Ilikuwa imepasuka, na ndiyo iliyokuwa kipimo changu! Uso wake nimeshauchora kwenye karatasi, matundu ya nati ninayo. Lakini vyumba vya moto, vile vidimbwi viwili ambamo petroli inalipukia, bado sijavipima. Upana, kina, ujazo. Nimekwenda Mwanza kununua visu vya kuvichongea! Sasa nivichonge kwa kuota?"

"Baba yako aliniambia nichukue..."

Hilo ndilo lililomaliza kila kitu.

"Ahaa. Baba. Baba unayemchagulia mitamba kila mnada. Unadhani wale mitamba wananunuliwa kwa kitu gani, kwa pamba ya angani? Wananunuliwa kwa mashine yangu! Mmekaa mkapanga, wewe unahesabu meno ya ng'ombe, yeye anahesabu siku zangu, halafu kipimo mnakipika! Nenda. Na sufuria yako."

"Nyanjige, naapa—"

"Apia mnadani."

Mlango wa bati ukafungwa kwa kishindo kilichowaamsha kuku wa Generoza. Tumsifu akabaki na sufuria kifuani.

*

Alipiga simu mara kumi na moja. Haikupokelewa. Alituma ujumbe mrefu, ukabaki na alama moja, haukufika. Akaenda kibandani, akaagiza wali, akautazama mpaka ukapoa.

"Ule," Generoza akamwambia, "au ukauzike. Usinikalie kama msiba."

"Mama, sikujua. Kweli sikujua."

"Najua hukujua. Ungekuwa na ujanja wa kumhujumu mtu usingefunga utepe. Lakini aliyekwambia kuhusu mashine ni yeye mwenyewe, akiwa anakutazama. Masikio yako yalikuwa wapi?"

Tumsifu akachezea maharage kwa kijiko, akatengeneza vidimbwi viwili kwenye wali, mchuzi ukajaa. Akavitazama. Akasimama ghafla hadi benchi likaanguka.

"Kuku!"

"Leo sina kuku, nina dagaa."

"Kuku wa Kimali, kule Meatu! Mwaka jana nilikwenda huko kuchanja kideri. Kuna mzee, kuku wake walikuwa wakinywea maji kwenye chuma kimoja, chuma chenye vidimbwi viwili! Nilidhani ni chombo cha mifugo, nikakisifia hadi kwenye ripoti!"

Generoza akanawa mikono, akaingia karakana kwa mlango wa nyuma kama anayekwenda kuomba moto, akatoka na kitu ndani ya khanga. Ilikuwa venia, kile kipimio cha chuma chenye midomo miwili, ambacho Nyanjige hakuruhusu mtu kukigusa.

"Ukikiangusha," akasema, "usirudi Bariadi. Hamia mkoa mwingine."

*

Mzee Ndalahwa wa Kimali alisikiliza maelezo yote, akatema mate pembeni, akasema hapana.

"Hakiuzwi. Marehemu mke wangu ndiye aliyekiweka hapo. Alisema vifaranga hawazami humo. Kinakaa hapo."

Tumsifu alikuwa amekuja na bei tatu mfukoni. Akazisahau zote.

"Basi, baba, naomba nikipime tu hapohapo kilipo. Sitakisogeza."

"Kupima ruksa. Lakini kuku usinifukuzie. Wana kiu."

Ndiyo maana saa sita mchana, jua la Meatu likiwa utosini, afisa mifugo wa serikali alikuwa amelala kifudifudi uani kwa watu, venia mkononi, simu kwenye spika, na mama kuku mmoja mwenye vifaranga tisa akimtazama kwa chuki. Alimpigia Generoza. Generoza akampelekea Nyanjige simu.

"Ya nani?"

"Fundi mwenzako. Yuko Kimali."

"Halo?"

"Nyanjige, usikate—"

"Nakata."

"Kata, lakini kwanza andika: upana wa chumba cha kwanza, sabini na mbili nukta tatu."

"Chumba gani?"

"Cha moto. Niko na hedi kama ile, ya pampu ileile, nimelinganisha namba iliyochongwa ubavuni na ile ya kwenye karatasi yako, Generoza amenisomea. Haiuzwi. Wananywea kuku. Lakini napima."

"Unapima kwa nini?"

"Kwa venia yako."

"Generoza!" ikasikika mbali na simu. Sauti ya Generoza ikajibu kwamba wali unaungua. Nyanjige akarudi. "Kina."

"Kama kumi na—"

"Hakuna 'kama'! 'Kama' ni ya kununulia nyanya. Futa matope, pima mara tatu."

"Kumi na moja nukta nane. Kumi na moja nukta nane. Kumi na moja nukta... aah! Aah! Mama wee, niache!"

"Nini hiyo? Nani huyo uliye naye?"

"Mwenye nyumba ananidonoa!"

"Una mwanamke huko, Tumsifu?"

"Ni kuku! Nyanjige, ni kuku! Msikilize!" Akaisogeza simu. Mama kuku akatoa maoni yake kwa ukali.

Upande wa pili kukawa na mlio. Ulianza kama kikohozi, ukaishia kuwa kicheko kilichozuiwa kwa kiganja.

"Ujazo," Nyanjige akasema alipoweza. "Huo ndio mgumu. Huna chombo."

"Nina bomba la sindano la mililita ishirini, la kuchanjia ng'ombe. Nitaziba juu kwa plastiki yenye kitundu, nijaze maji mpaka yafike kwenye kitundu, nihesabu."

"Nani kakufundisha hivyo?"

"Hakuna. Kazi yangu yote ni kujua kiasi kilichoingia."

Alijaza. Alihesabu. Alirudia mara tatu bila kuambiwa, jasho likimdondoka kwenye plastiki, akilifuta na kuanza upya. Alipomaliza namba za vyumba vyote viwili, hakukata simu.

"Nyanjige. Uliniambia kuhusu mashine, na mimi nilikuwa naangalia hereni. Nilitaka kila mtu kwenu anipende, nikasahau kumsikiliza mwenye karakana. Hilo ni kosa langu, si la baba yako."

Mlio wa kalamu ukasikika kwenye karatasi.

"Rudia kina cha chumba cha pili," alisema Nyanjige. Halafu, chini kidogo: "Na ukae kivulini, jua kali."

*

Kuchonga kulichukua siku nne. Nyanjige alikuwa haongei, ila "brashi", "mafuta", "sogea". Tumsifu akawa anasogea. Pande la alumini likapungua, likapata vidimbwi, matundu, mapezi, njia za maji. Siku ya nne aliweka rula juu yake. Hakumwita mtu ainame. Aliinama mwenyewe, akakaa hivyo muda mrefu, kisha akasema, "Twende."

Kisimani walikuta nusu ya kijiji na ng'ombe wote. Masunga alikuja na koti lake la mikutano, na kando yake alisimama mtu wa lori la kuchukulia mashine. Generoza alikuwa amepewa tenda ya chakula.

Nyanjige alikaza nati kwa zamu, kidogo kidogo, kutoka katikati kwenda nje. Akavuta kamba. Kimya. Akavuta tena. Kikohozi. Mtu wa lori akatazama saa. Mara ya tatu akavuta kwa mwili mzima, kilemba kikamfunguka, na injini ikashika, ikanguruma, ikatulia kwenye mdundo mmoja. Maji yakaruka kutoka kwenye bomba kama yaliyokuwa yamefungwa jela. Ng'ombe wakayafuata bila kuitwa.

Masunga akasogea. Alitoa leso nyeupe, akaipitisha taratibu kwenye maungio ya hedi, pande zote nne, ambapo injini inayovuja hutoa siri zake. Akaifunua leso mbele ya macho. Ilikuwa nyeupe. Akaipitisha tena. Nyeupe.

"Ile hedi nilimpa mimi," akasema bila kumtazama binti yake. "Sikuuliza. Nilipaswa kukuuliza." Halafu akamgeukia mtu wa lori: "Kula, ndugu yangu. Halafu urudi na lori lako tupu."

Nyanjige akaketi chini palepale alipokuwa.

Na hapo, jua likiwa la dhahabu, Tumsifu akamwendea kwa hatua za taratibu. Akapiga goti moja mbele yake, akaushika mkono wake, akatamka kwa sauti nzito iliyotulia: "Ewe Nyanjige, ua la moyo wangu, injini ya maisha yangu, naomba uwe wangu wa milele." Naye, machozi yakimtiririka, akajibu: "Ndiyo, mpenzi wangu. Hadi mwisho wa dunia."

Hapo ndipo mimi, mwandishi wa kisa hiki, nilipokuwa nimeishia, nikiwa nimejiridhikia kabisa. Nikaenda kumsomea Generoza. Akaacha kukoroga ugali.

"Goti gani?"

"La kulia."

"Aliteleza! Maji ya pampu yalishafanya tope, akaenda chini na suruali yake ya kaki, pwaa. Mimi nilikuwa hatua tatu, nimebeba beseni la wali. Nyanjige akamuuliza, 'Umeumia?' Akasema, 'Hapana. Ila kwa kuwa nimeshafika huku chini, naomba tuoane.'"

"Halafu?"

"Binti akamwambia, 'Mashine yangu haihami Bariadi.' Akasema, 'Nani kasema ihame?' 'Na wewe wakikuhamisha?' 'Nitaandika barua ya kukataa, wakikataa barua nitakuja kila Ijumaa.' Nyanjige akamtazama, akasema, 'Inuka, umelala kwenye maji ya ng'ombe.' Akachomoa kile kitambaa anachofutia hedi ikishamalizika, ambacho hata baba yake hagusi, akamfuta uso. Taratibu, pembe zote. 'Ndiyo' yake ilikuwa hiyo. Ua la moyo umelitoa wapi?"

"Lakini, mama, mimi nilikuwepo."

"Ulikuwepo, ndiyo. Ndani ya gari la Tumsifu, kiti cha nyuma, umesinzia mdomo wazi. Nilikuletea wali mara mbili, nikakutikisa mguu, ukaniita mama yako. Nikampa mtu wa lori."